Gari Lililomkataa Mama

Gari la baba halikuwahi kusifiwa kwa adabu, lakini hakuna mtu liliyemvunjia heshima kama mama. Kwa miezi kadhaa, kila alipopanda, fyuzi ya tatu iliungua. Injini haikujali, dizeli ya kizamani ikishawaka haimwombi mtu umeme, inaunguruma tu. Lakini waipa zililala, indiketa zikanyamaza, mishale ya dashibodi ikaanguka yote. Mama akishuka, baba akitia fyuzi mpya, kila kitu kinapona.

"Huyu ni mke mwenza," mama alikuwa akisema. "Ananionea wivu."

Mwanzoni walicheka wote. Baadaye mama akaacha kucheka, akaanza kubaki nyumbani. Sokoni aende baba, dada yake apelekewe salamu, yeye ana kazi za ndani. Na baba naye, gari lisilo na mama lilimtoa hamu. Akatafuta mnunuzi, na mnunuzi akasema atakuja kulichukua Jumamosi alasiri.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi binti yao alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Alikuwa fundi umeme wa magari, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata wazazi wake wakawa Baba Fundi na Mama Fundi. Alizaliwa akalikuta gari hili uani. Liuzwe kwa sababu ya fyuzi, na yeye yupo? Afadhali aache kazi akauze karanga.

Alifungua boksi la fyuzi. Ya tatu ilikuwa imekatika, na hakutia nyingine; humlishi mgonjwa dawa kabla hujajua anaumwa nini. Mahali pake akafunga balbu yenye nyaya mbili. Vifaa vyote vikiwa vimezimwa, balbu hiyo haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka, basi kuna waya uliochubuka unagusa bodi.

Akafungua swichi. Kimya. Akatikisa nyaya za waipa, akavuta za indiketa, akabamiza mlango. Kimya.

"Si nilikwambia?" Baba alikuwa kando, fyuzi nzima mkononi. "Nimepima mpaka nimechoka. Halina kosa."

"Baba, ukipima, mama huwa wapi?"

"Mama yako? Huwa namshusha! Nishike nyaya na yeye yumo ndani? Nimuunguze mke wangu?"

Fundi akatoka chini ya dashibodi taratibu. Akamtazama baba yake, kisha mama yake aliyekuwa kibarazani akikunja nguo kama mtu asiyehusika. Asiyekuwapo na lake halipo, na baba, kwa mapenzi yake yote, alihakikisha kila mara mama hayupo.

"Mama, njoo ukae."

"Niache, mwanangu. Mimi na hilo tulishaachana."

"Njoo tu."

"We Fundi!" baba akahamaki.

"Ni umeme wa betri, baba. Hata mbu hauui."

Mama akaja, akatengeneza kanga yake, akakaa. Balbu ikawaka pwaa.

"Inuka." Ikazimika. "Kaa." Ikawaka. Mama akainuka na kukaa, akainuka na kukaa, mpaka kicheko kikamshinda, kile kicheko chake ambacho nyumba ilikuwa imeanza kukisahau. "Haya semeni basi," akasema, "ni unene?" Baba, ambaye hakudumu na mke miaka yote hiyo kwa ujinga, akatazama mawingu.

Wakafungua bolti za kiti, wakakitoa. Chini ya zulia kulikuwa na waya mwekundu ambao hakuna kiwanda kingekubali kuwa ni wake: umefungwa kwa kamba ya kiatu, umeungwa kwa tepu iliyokauka. Springi iliyolegea ilikuwa imelisugua ganda lake mpaka shaba ikatokeza, na mama akikaa, springi inashuka juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Waya ulitoka kwenye fyuzi ya tatu hadi kwenye swichi pembeni mwa kiti, kisha kwenye kijitaa kilichoungua zamani, chini ya dashibodi.

"Nani kafanya kazi hii mbovu?"

Baba akakohoa. "Ukate tu. Hauna kazi tena."

"Ulikuwa na kazi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulizaliwa kadogo, Fundi, hukui, tunakurudisha kutoka kliniki giza limeingia. Nakunyonyesha na sikuoni, sijui hata kama unapumua. Baba yako umeme haujui hata chembe. Akajifungia na gari siku nzima, akanitilia taa. Ndogo, isimuumize macho akiendesha. Lakini uso wako nilikuwa nauona."

Fundi alikuwa amewacheka mafundi wengi kwa kazi nzuri kuliko ile. Macho yakamjaa machozi, na hakuyaficha. Waya wa zamani aliukunja akautia mfukoni. Akapitisha mpya mbali na springi, ndani ya mpira mgumu, akarudisha kiti, akatia kijitaa kipya. Kisha akanyoosha mkono, na baba akampa fyuzi yake.

Mnunuzi alipogonga geti, mama alikuwa kitini, mkoba mapajani, kijitaa kikimmulika miguu mchana kweupe. Injini ilikuwa ikiunguruma na indiketa zikipepesa. Baba alisimama katikati ya ua, hajui aende getini au kwenye usukani.

"Baba Fundi," mama alisema bila kugeuka, "mwambie gari hili lina mwenyewe. Halafu uje unipeleke kwa dada yangu."