Harusi ya Njiapanda ya Simamatu

Katika nchi ya Msongano, ambayo ni ndogo kwenye ramani na haina mwisho kwa msafiri, ulikuwapo mji mkuu ulioitwa Simamatu. Ulikuwa mji wenye majumba ya fahari, bustani zenye manukato na barabara pana kama viwanja vya gwaride. Lakini katikati ya kila barabara ilitengwa njia moja laini, isiyo na shimo wala vumbi, iliyoitwa Njia ya Watukufu. Raia walisafiri kandokando yake kwa mabasi ya umma, na dasturi iliamuru kwamba mtukufu anapokaribia, kila basi lizime injini mpaka apite, kwa ajili ya adabu. Kwa kuwa vyeo katika Msongano viligawiwa kwa ukarimu mkubwa, watukufu walikuwa wengi na adabu haikupata mapumziko. Ndani ya mabasi watu walisuka ukili, walinyoana ndevu, walisomeshana na kuposana. Mtaa wa Tamani na mtaa wa Subira ilitazamana kutoka pande mbili za mji, lakini mtu wa Tamani aliyeoa Subira alihesabiwa kuwa ameoa ughaibuni.

Katika mtaa wa Tamani aliishi Hima, mshonaji mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha karibu, pamoja na baba yake, Mzee Radhi, ambaye hakuwahi kupinga jambo lolote tangu azaliwe. Hima alimpenda Thabiti, mwoka mikate wa Subira. Walikutana mwaka ule watukufu wote waliposafiri nchi za mbali kujifunza namna ya kupunguza msongamano. Muda wote wa safari yao mji ulikuwa mwepesi kama unyoya, mabasi yalikwenda na kurudi, na mapenzi yakapata nafasi. Watukufu waliporejea na maarifa yao, msongamano ulirejea nao, na wachumba wakabakiwa na sauti za simu.

Harusi ilipangwa na kuahirishwa, ikapangwa tena na kuahirishwa tena. Mara ya mwisho Thabiti aliwasili akiwa na kanzu iliyokunjamana, akakuta mapambo yamefunguliwa, pilau imeliwa na bibi harusi ameshanawa hina kwa machozi.

"Basi, baba," alisema Hima asubuhi yake, "safari ijayo yeye ataondoka kwake na mimi nitaondoka kwangu. Mabasi yetu yatakapokutana, hapo ndipo ukumbi."

"Mwanangu," alijibu Mzee Radhi, "bibi harusi hamfuati bwana harusi."

"Simfuati, baba. Nakutana naye."

Mzee Radhi alitafuta neno la kupinga, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nalo, hakulipata. Alivaa koti lake na kubeba sufuria ya pilau.

Siku ilipowadia, basi la Tamani lilijaa shangazi, vigelegele na harufu ya udi, na basi la Subira lilimchukua Thabiti, shehe na mikate ya kuwatosha wageni wote. Mabasi hayo yalikutana uso kwa uso kwenye Njiapanda ya Tahayari, na hapo yakazima injini, maana Waziri wa Njia, Mheshimiwa Nipisheni, alitazamiwa kupita. Jua lilipanda, pilau ilianza kupoa, na mheshimiwa hakuonekana. Baina ya wapenzi ilikuwapo Njia ya Watukufu tu, tupu na safi, ambayo mguu wa raia haukuwahi kuikanyaga.

Hima alichungulia dirishani, akamwona Thabiti naye akichungulia. Aliogopa, kwa kuwa adhabu ya kosa lile ilikuwa kifungo. Lakini alipoyakumbuka yale mapambo yaliyofunguliwa, hofu ilimwona mkaidi ikamwacha. Akakusanya pindo la gauni lake, akashuka, akasimama katikati ya njia.

"Thabiti!" aliita. "Utaendelea kunitazama?"

Thabiti alishuka akimvuta shehe kwa mkono. Shangazi wakashuka, abiria wasiowajua maharusi wakashuka, madereva wakashuka. Khutba ilipokuwa katikati, king'ora kililia na gari jeusi likafunga breki mbele ya sufuria.

"Nipisheni!" alinguruma waziri kwa jina lake mwenyewe.

"Mheshimiwa, tustahimilie kidogo," alisema Hima kwa upole. "Khutba haijaisha. Karibu pilau."

Khutba iliisha, ndoa ikafungwa, na maharusi wakakamatwa. Walipelekwa mahakamani kwa gari la askari lililopita Njia ya Watukufu, na kila aliyewaona alishangaa kuwakuta wakicheka, kwa sababu hawakuwahi kuuvuka mji kwa wepesi namna ile.

Kadhi Insafu aliwasomea shtaka la kumchelewesha mtukufu, kisha akauliza, "Bibi, unakiri?"

"Nakiri, kadhi. Nimemchelewesha kwa muda wa khutba. Yeye amenichelewesha ujana wangu. Naomba mahakama ipime vyote viwili."

Kadhi akasema, "Siwezi kupima nisichokijua. Mlalamikaji aje kesho kutoa ushahidi, na aje kwa basi la umma."

Kesho yake mahakama ilifunguliwa, ikangoja. Wazee wa baraza walisinzia wakaamka. Alasiri ilipokaribia kwisha, mlango ulisukumwa, akaingia Mheshimiwa Nipisheni bila kilemba, kiatu kimoja mkononi, na begani amembeba mtoto mchanga wa abiria mwenzake aliyekuwa akipanda ngazi nyuma yake.

"Kabla sijatoa ushahidi," alisema akihema, "naomba nijulishwe jina la mtu. Tumezimishiwa injini darajani tangu asubuhi. Mama huyu ana homa, alikuwa anakwenda kwa tabibu. Ni mtukufu gani huyo aliyekuwa akingojwa? Nataka ashtakiwe leo hii!"

Karani aliinamisha macho. "Mheshimiwa, lilikuwa gari lako. Lilikuwa linaletwa hapa likungoje, likurudishe nyumbani."

"Ndani alikuwamo nani?"

"Hakuwamo mtu, mheshimiwa."

Waziri aliketi kwenye benchi la washtakiwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mtoto alianza kulia, naye akambembeleza polepole, uso wake umemwiva kwa haya. Kisha aliamuru gari lake limpeleke mama yule kwa tabibu, na akafuta shtaka kwa kinywa chake mwenyewe.

"Njia iliyopisha gari tupu," alihukumu Kadhi Insafu, "kuanzia leo iyapishe kwanza magari yaliyojaa watu."

Watukufu walinung'unika, wakaandamana, na maandamano yao yakapita haraka kwa sababu njia ilikuwa wazi. Jioni ile Hima na Thabiti walipanda basi la kwanza kupita katikati ya mji. Wakakaa bega kwa bega, Thabiti akaanza kumweleza mkewe mambo yote aliyokuwa ameyaweka moyoni ayaseme safarini, na hata hayajafika nusu, kondakta akatangaza mtaa wa Subira.

"Tumeshafika?" Hima alishtuka.

"Tumefika."

Alimwegemea mumewe begani. "Usishuke," alisema. "Tuzunguke nalo tena."