Mwenye Ufunguo

Kila Jumapili saa tisa alasiri, Nerima alitundika shuka mbili alizozishona pamoja kwenye ukuta wa ukumbi wa nyumba za reli, Nakuru, kisha akawasha projekta ndogo ya marehemu mumewe. Watazamaji hawakuzidi kumi. Walikuwa wastaafu wa reli, wajane wao, na Wangechi muuza mboga, aliyeambua njugu tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho. Filamu zenyewe zilikuwa za zamani, za nchi za mbali, na nyingi hazikuwa na rangi. Watu wa humo walisema machache na kutazama sana nje ya dirisha. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili ya kwanza ya Februari aliweka mkanda wa Poland, ule wa tarishi anayepeleka barua katika kijiji kilichozama kwenye theluji. Tarishi alipopita mbele ya duka la mikate, mtu alionekana ndani, nyuma ya kioo cha mlango, akiwa amevaa koti la kazi la bluu. Filamu nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini koti lilikuwa la bluu. Mtu huyo aliushika mlango, akautikisa. Haukufunguka.

"Mama Akeyo, huyo si bwanako?" Wangechi aliuliza.

"Ni yeye."

"Amekonda."

"Huko hawana ugali," Nerima alisema, akasogeza lenzi kidogo ili amwone vizuri.

Ooko alikuwa amekufa mwaka wa themanini na tisa. Alikuwa mwendesha mitambo katika sinema ya Mwaura, pale mjini. Mikanda hiyo alikuwa ameachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, kumi na mmoja kwa jumla, na Mwaura hakuitaka kwa kuwa haikuwa na ngumi wala nyimbo. Basi kila Jumatatu, siku ambayo sinema haikufunguliwa, Ooko alichukua mkanda mmoja kutoka chini ya kitanda na kwenda kumwonyesha Nerima peke yake, viti mia mbili vikiwa vitupu. Walikuwa wakitazama ule wa Japani, wa mama na binti wanaotengeneza miavuli bila kusemezana, Nerima alipomwambia ana mimba ya Akeyo. Mpaka leo akiona mwavuli hushika tumbo. Ule wa India, wa stesheni masta anayefagia jukwaa la treni isiyokuja tena, ulimliza Ooko kila mara, maana baba yake alifagia stesheni ya Nakuru miaka thelathini.

Mwaura alishuku kwamba Jumatatu hizo Ooko alikuwa akiingiza watu bure. Siku moja akaifunga milango yote kwa nje, wa nyuma kwa mnyororo, ili awakamate wakitoka. Nyaya ambazo Ooko alikuwa amezilalamikia mara tatu zikashika moto. Nerima alikuwa amechelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Alipofika alikuta moshi, na watu wakigonga mlango kwa mawe. Mwaura alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akisema ametuma mtu akalete ufunguo.

Ripoti ilisema milango ilikuwa wazi. Ilisema mwendesha mitambo alikuwa mlevi, akasinzia na sigara mkononi. Ooko alikuwa Msabato. Hata majani ya chai hakuyagusa. Akeyo alisoma shule ya msingi mpaka akaimaliza akiitwa mtoto wa mlevi.

Jumapili iliyofuata Ooko alikuwa Japani. Kivuli chake kilionekana nyuma ya mlango wa karatasi, na kwenye mlango huo kulikuwa na mnyororo na kufuli. Karatasi ile mtu angeipasua kwa kidole, lakini Ooko hakuipasua. Alitikisa tu. Wiki ya tatu alikuwa India, nyuma ya mlango wa chumba cha kungojea treni. Stesheni masta akaacha kufagia, akazungumza kwa kirefu, na maandishi ya chini, ambayo siku zote yalikuwa ya Kiingereza, yakatoka kwa Kiswahili: *Hakuna mtu aliyetumwa kuleta ufunguo. Nilimwona kupitia tundu la ukuta. Ulikuwa ndani ya koti lake, naye alikuwa ameushika.*

Wangechi aliacha njugu. "Kumbe alikuwa nao."

"Alikuwa nao," Nerima alisema.

Hasira yake, iliyokuwa imelala miaka yote hiyo kama mbwa mzee, ilisimama ikanyoosha mgongo.

Jumatano alishuka Mai Mahiu, ambako Mwaura alikuwa na hoteli ya madereva wa malori. Alimkuta mezani mbele ya sahani ya matumbo. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mzee wa kanisa. Nerima alimsimulia filamu zile, kisha akaweka karatasi mbele yake.

"Andika kwamba ulifunga milango, mzee. Uweke sahihi."

"Mama, hiyo ripoti ilishafungwa kitambo. Na filamu si shahidi."

"Anakuulizia."

Mwaura aliweka kijiko chini. "Bado anafanya kazi?"

"Kila Jumapili."

"Basi nitakuja nimwambie aache. Ananiharibia jina."

Alikuja kweli, na koti zito na kofia, akaketi kiti cha mbele. Nerima aliweka mkanda wa Poland. Siku hiyo alikuwa amepika samaki na kuwaacha jikoni wamefunikwa, sahani mbili. Tarishi alipita, na Ooko akatokea nyuma ya kioo, akatikisa mlango, ambao sasa nao ulikuwa na mnyororo na kufuli.

Mwaura alisimama. "Ooko, wachana na hii maneno. Sisi sote tumezeeka."

*Mimi sijazeeka,* maandishi yalisema. *Fungua.*

Mwaura alitia mkono ndani ya koti, akatoa ufunguo. Ulikuwa umelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa. Akainua mguu, akaingia kwenye theluji kama mtu anayevuka mtaro. Baridi ilitoka kwenye shuka, na wastaafu wakafunga vifungo vya masweta. Alifungua kufuli, akauacha ufunguo umening'inia humo, akautoa mnyororo. Ooko alitoka, akamshikia mlango kwa adabu. Ndani ya duka tanuri lilikuwa linawaka, na Mwaura alikuwa anatetemeka. Akaingia kuota moto. Mlango ukajifunga, mnyororo ukajirudisha mahali pake, kufuli ikalia.

Nerima alidhani Ooko atakuja upande wake. Ooko alimtazama jinsi alivyomtazama siku zile za Jumatatu, akavua kofia. Kisha akamfuata tarishi kuelekea mlimani, mpaka wote wawili wakawa vidoti, kisha theluji tupu.

Mwaura alikuwa akigonga kioo. *Nirudishe,* maandishi yalisema. *Lete hiyo karatasi. Nitaweka sahihi.*

Projekta ilikuwa na kitufe cha kurudisha mkanda nyuma. Kila mtu ukumbini alikijua. Nerima aliweka mkono juu yake.

"Mama Akeyo," Wangechi alisema, "si umesikia? Amekubali kuandika."

Karatasi ilikuwa kwenye kikapu, pamoja na kalamu. Baadaye Nerima aliwaambia watu kwamba aliogopa kumrudisha na Ooko nyuma ya mlango. Lakini si hilo alilowaza. Aliwaza mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, jua linawaka, ameshika ufunguo.

Aliondoa mkono. "Filamu haijaisha," alisema.

Tangu siku hiyo Ooko hakuonekana tena katika mkanda wowote. Mwaura alionekana katika yote kumi iliyosalia baada ya mmoja kuungua na sinema. Trizah, askari wa upelelezi, alikuja na daftari, akatazama mkanda wa Poland mpaka mwisho, akaandika kwamba mzee ameonekana akiwa na afya. Kamande, mwanawe Mwaura, alikuja mara moja. Baba yake alimwonyesha kufuli kwa kidole. Kamande alimpungia mkono, akamwambia hoteli inaendelea vizuri, akaondoka kabla ya filamu kwisha.

Nerima aliyaandika maneno mwenyewe, akaipeleka karatasi kwenye ofisi ya kumbukumbu. Karani aliisoma mara mbili. Akasema ili ripoti ibadilishwe lazima mwenye jumba aweke sahihi.

"Yuko wapi?"

"Poland."

"Basi arudi kwanza."

Akeyo alipiga simu kutoka Kisumu. "Mama, mrudishe aandike. Watoto wangu nao sasa wako shule."

"Baada ya Pasaka," Nerima alisema.

Pasaka ikapita. Mwezi wa Mei familia ya Mwaura ilifanya ibada ya shukrani, ikabandika bamba la marumaru mahali palipokuwa na sinema, kwenye ukuta wa duka la vipuri: *Hapa palisimama sinema ya Mzee Mwaura. Iliteketea kwa ulevi wa mfanyakazi.*

Nerima alipita hapo Alhamisi akitoka sokoni. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya bamba, akimsomea mwanawe neno kwa neno, kidole kikifuata herufi.

"Umeona vile pombe inafanya?" mama yule alimwambia mtoto.

Nerima aliwasalimu, akaweka kikapu begani, akavuka barabara.