Mwenye Gari ni Mwanamkasi

Mwanamkasi binti Yakub aliondoka Kitui mjini alfajiri ya Jumanne, mwezi wa Agosti mwaka 1951, ameshika usukani wa gari lake mwenyewe. Lilikuwa boksibodi kuukuu, mbele chuma na nyuma mbao, rangi yake ya kijani imebabuka milangoni. Kando yake aliketi mumewe Rashid, kanzu safi, fimbo katikati ya magoti. Nyuma walipakia madebe mawili ya asali, gunia la maharagwe ya Mbooni, vyondo sita na mkeka mpya. Walikuwa wanakwenda Moshi, ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, kwa dada yake Tumu. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na mmoja, na binti wa kwanza wa Tumu alikuwa anaolewa Ijumaa.

Jinsi mwanamke huyu alivyofika kwenye usukani ni habari iliyozungumzwa sana Kitui. Rashid alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, Abisinia mpaka Burma. Alirudi viungo vyote vizima, lakini macho yakaanza kuingia ukungu. Yeye na mkewe walikuwa wakinunua nta na asali vijijini na kuzipeleka Machakos kwa lori za watu. Walipopata gari lao, Rashid aliliendesha miezi minane tu. Siku moja, njia ya Tulia, alimkosa ng'ombe kwa shibiri moja. Akasimamisha gari, akazima, akamwekea mkewe ufunguo kiganjani.

"Mama Abdulkadir, kazi hii sasa ni yako."

"Yangu? Mimi na gari wapi na wapi?"

"Nimefundisha vijana wa jeshi ambao hata baiskeli hawajawahi kupanda. Wewe utanishinda?"

Alimfundisha kando ya mto Kalundu, kwenye uwanda wa mchanga. Watu waliketi ukingoni kucheka. Aligonga kichuguu, akavunja taa moja, akalia, akapangusa macho kwa ncha ya leso, akarudi kwenye usukani. Siku ya mtihani Machakos, Mzungu wa polisi alimpandisha kilima na kumrudisha kinyumenyume mara tatu. Waliposhuka, aliyekuwa akitokwa jasho alikuwa Mzungu. Rashid ndiye aliyeshikilia kwamba kitabu cha gari kiandikwe jina la mkewe. "Anayeliendesha ndiye mwenyewe," alisema, na waliocheka mtoni wakaanza kumwomba lifti.

Basi siku hiyo walipita Mutomo jua likichomoza, na kabla ya Ikutha mchanga ukayameza magurudumu mara mbili. Mara zote mbili Mwanamkasi alishuka, akakata matawi, akayatandika chini ya matairi, akatoka. Mto Athi waliuvuka maji yakiwa haba, na magharibi wakaingia Kibwezi kwa Syokau, mama wa kanisa aliyekuwa akiwauzia asali kwa miaka mingi. Asubuhi yake Syokau aliweka mkono juu ya boneti na kuliombea gari kwa sauti iliyoamsha majirani. Alipomaliza, Mwanamkasi alisema amina kwa moyo wote. Majirani nao wakajipanga kando ya barabara, wamekuja kuhakikisha kama ni kweli anayeendesha ni mama.

"Huko mpakani watakusumbua," Syokau alimwambia dirishani.

"Kwa lipi? Karatasi zote ninazo."

Walifika mpakani, mbele ya Taveta, saa saba mchana. Palikuwa na mti umelazwa kukatiza barabara, kibanda cha mabati, na malori mawili ya mahindi yakingoja. Askari wa mlangoni alikuwa Mkamba wa Mbooni aitwaye Nzomo. Aliposikia wametoka Kitui aliacha ukali wote. "Mwaitu, umeendesha wewe kutoka kwetu mpaka hapa?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba, akalizunguka gari zima akilipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Karani wa forodha ndiye hakufurahi. Alikuwa kijana mwenye tai, na alipita upande wa Rashid moja kwa moja.

"Mzee, leseni."

"Zungumza na mwenye gari," Rashid akajibu.

"Nani mwenye gari?"

"Mimi," alisema Mwanamkasi, akamkabidhi kitabu, leseni na bima, zote zimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Karani alizisoma, akamtazama, akazisoma tena. Asali na maharagwe hakuvijali. Alipoambiwa ni zawadi za harusi aliandika tu. Kilichomkwamisha ni leseni. Mahali pa sahihi palikuwa na maandishi asiyoyajua. "Hii ni mikwaruzo. Mtu yeyote anaweza kukwaruza. Nitajuaje kuwa hii leseni ni yako, na si ya kuazima? Sijapata kuona mwanamke wa Ukambani anayeendesha gari."

"Leo umemwona."

Malori yaliyokuwa mbele yakapita, na mengine mawili yaliyokuja nyuma yakapita pia. Gari la Mwanamkasi liliwekwa kando, juani. Baada ya muda Nzomo alikuja akiinama dirishani, akasema kwa Kikamba cha chini chini. "Mwaitu, huyu anataka tu kuona mwanamume kwenye usukani. Mzee akae hapo, avuke ule mti hatua ishirini, halafu mbadilishane mbele kwenye kona. Nitakuwa nimetazama kwingine."

Rashid alikwisha kushika mlango. "Hatua ishirini nitaziweza. Harusi haitungoji."

Mwanamkasi aliuangalia ule mti. Alijua kwamba kwa mumewe ulikuwa uzi tu hewani. Lakini hilo silo lililomzuia.

"Kaa, Baba Abdulkadir," alisema. "Mchanga wa Ikutha nimetoka mimi. Athi nimeuvuka mimi. Halafu mpaka wenyewe nivushwe kama mzigo? Nikipita hivyo leo, siku ya kurudi nitapita vipi? Na mwenzangu atakayekuja baada yangu?"

Rashid aliuachia mlango polepole. Kisha akatabasamu, akaegemeza kichwa chake kwenye kiti. "Haya, dereva. Tungoje."

Walingoja mpaka saa kumi, maana mkubwa wa kituo alikuwa ametoka. Mwanamkasi aliswali adhuhuri na alasiri kwenye mkeka mpya wa harusi, kivulini mwa kibanda, mbele ya karani. Hakumgombeza wala hakumbembeleza. Moyoni aliogopa kwamba watarudishwa, na kila alipoogopa alikwenda akakagua maji ya rejeta, ili mikono ipate la kufanya.

Hatimaye mkubwa wa kituo akarudi, Mzungu mzee mwenye kofia ya jua. Karani alimweleza, akachukua kisahani cha wino. "Aweke kidole gumba hapa kwenye fomu, bwana, tumalize."

"Kidole ni cha asiyejua kuandika," alisema Mwanamkasi. "Mimi najua. Nipe kalamu."

Baba yake, Mwalimu Yakub, alikuwa na chuo cha Kurani pale Kitui, na hakuwahi kumwondoa binti kwenye safu ya wanafunzi. Mwanamkasi aliiweka fomu juu ya boneti, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka: Mwanamkasi binti Yakub. Mkubwa akaiweka leseni kando ya fomu. Akatazama moja, akatazama nyingine. Kila mkia wa herufi ulikuwa pale pale, kila nukta mahali pake.

"Ni mkono mmoja huu," alisema kwa Kiswahili chake kizito. Kisha akamgeukia karani. "Umemweka mama huyu juani tangu saa ngapi?"

Karani aligonga mhuri, akamrudishia Mwanamkasi kitambaa chake cheupe kwa mikono miwili.

Nzomo aliinua mti juu kabisa, akapiga saluti kama anapita jenerali. Mwanamkasi alitia gia ya kwanza. Mbele barabara ilikuwa ile ile, vumbi lile lile, lakini Rashid alipomuuliza kama tayari wako Tanganyika, alipiga honi ndefu.

Moshi waliingia magharibi. Tumu alitoka mbio, miguu mitupu, akaukimbilia mlango wa dereva kumshukuru mtu aliyewaleta, akakuta uso wa dada yake. Alipiga ukelele uliowatoa wakwe zake wote nje. Mama mkwe wake, ambaye miaka yote alikuwa akiuliza kama watu wa Kitui bado wanasafiri na punda, alisimama mlangoni na taa ya kandili mkononi.

Ijumaa, gari lililokodiwa kumpeleka bibi harusi halikutokea. Bibi harusi aliketishwa kwenye boksibodi la kijani, amefunikwa shela, katikati ya mama yake na Rashid, na mama mkwe wa Tumu akaomba nafasi huko nyuma, kwenye mbao. Nyumba ya bwana harusi haikuwa mbali. Mwanamkasi angeweza kufika kwa dakika tano. Aliendesha kwa gia ya kwanza, akapita barabara ya soko na ya msikiti kwanza, ili mji mzima uone.