Kidonge Kimoja kwa Mtu Mzima

Alhamisi asubuhi, injini ya lori ikiwa bado baridi, Anania aliwapanga manamba kumi na wanne wa mashimo ya shaba mbele ya ofisi ya uandikishaji pale Igamba ili awagawie vidonge vya kuzuia kutapika safarini. Anania alikuwa dresa, mtoa dawa wa ofisi hiyo. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi aliitafsiri mwenyewe na kuibandika ukutani: kidonge kimoja kwa mtu mzima, nusu saa kabla ya safari. Asiongeze kingine kabla ya muda wa saa sita kupita. Kinywa kitakauka, macho yataona ukungu, usingizi utakuja. Asinywe pombe. Mwenye shida ya kukojoa asimeze kabisa, wala dereva.

"Wape vitatu vitatu," alisema Danford, karani wa uandikishaji. "Wa juzi walitapika mpaka Tunduma, na wawili wakaruka wakarudi kwao."

"Karatasi inasema kimoja."

"Karatasi haiendi Tunduma."

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Gwakisa, mume wa Tusekile, dada yake Anania. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka Ibaba.

"Vyote hivi, shemeji?"

"Meza tu, shemeji."

Lori lilipoondoka, wote kumi na wanne walikuwa wamelala ndani yake. Vumbi lilipotulia, wale wale kumi na wanne walikuwa pia wamekaa kwenye benchi la ofisi, vifurushi magotini, wakilamba midomo. Danford aliwahesabu. Jioni dereva alirudi na hati ya mpakani: watu kumi na wanne wamepokelewa, wamelala. Danford akaifungia hati hiyo kabatini.

Kichefuchefu ambacho hawakukisikia lorini kiliwapata pale kwenye benchi. Lori lilipokata kona huko mbali, waliegemea upande mmoja. Lilipopanda mlima, walijishika matumbo. Siku ya tano walianza kuinuka alfajiri, kukamata benchi kwa mikono miwili na kutapika maji matupu, na Anania akajua kwamba huko kwenye mashimo ya shaba watu wameanza kuteremshwa ardhini kwa kizimba cha chuma. Jioni walitapika tena, wakipandishwa. Katikati ya siku hawakutulia. Walikwenda barabarani, wakarudi, wakafungua vifurushi, wakavifunga. Anania aliwapelekea maji kwa debe, lakini vinywa havikulowa.

Tusekile alipopata habari alikuja na chungu cha uji. Alimtazama mumewe akiyumba, kisha akamgeukia Anania.

"Ulimpa nini, kaka?"

"Vidonge vya safari. Vitatu."

"Kimoja kisingetosha?"

"Kingetosha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Tusekile aliweka chungu chini. Alimshika mumewe mkono ili waende nyumbani, lakini baada ya hatua kumi tu Gwakisa alianguka, akatapika, akarudi kwenye benchi akitambaa. Tusekile akapanga chumba karibu na ofisi. Kila asubuhi alimshikilia mabega kizimba kikishuka.

Mwezi wa tatu tangu lori liondoke, Alhamisi moja, wenzake kumi na watatu waliinuka wakatapika. Gwakisa alibaki ameketi. Alipangusa midomo, na midomo ilikuwa imelowa.

"Nina njaa," alisema.

Tusekile aliweka mkono kifuani mwa mumewe, akauacha hapo kitambo. Kisha akakunja kanga zake.

"Amekufa huko chini," alimwambia Anania. "Sasa ataweza kutembea."

Anania alitaka kuwasindikiza mpaka njia ya Ibaba, lakini mstari mpya ulikuwa umeshafika mlangoni, na Danford alikuwa anafungua boksi jingine. Mafundi walikuwa wameleta benchi la pili.

"Vitatu vitatu," alisema Danford.

Anania akanawa mikono, akaanza kugawa.

Tusekile na mumewe walifika Ibaba siku ya pili, kabla ya jua kuzama. Ndugu waliitwa, turubai likafungwa, mchungaji akaja na kitabu chake. Kuni zilipopungua, Gwakisa alichukua shoka, akawapasulia wapishi za kutosha matanga yake yote.