Kumvuta Mama

Usiku wa jana niliota kamera imekaa kwenye kigoda cha jikoni, inasubiri nimalize kuchambua maharage.

Ni ile kamera ndogo ya mkanda aliyoniachia baba mdogo Ambakisye alipoacha kazi ya kupiga picha za harusi. Inaingia mfukoni. Ukiiwasha, lenzi inatoka mbele kama kichwa cha kobe. Ukibonyeza kitufe cha juu inazidi kutoka, na kilicho mbali kinakuja karibu. Baba mdogo alikuwa anaiita kazi hiyo kuvuta. Bibi harusi akiwa mbali, alikuwa anamvuta.

Niliiamkia shikamoo kwa sababu imenizidi umri. Ikaitikia marahaba.

"Sekela," ikasema, "imebaki picha moja. Unampiga nani?"

Nikasema mama.

Ikauliza mama yuko wapi. Nikaieleza kwamba alikwenda Chunya kuwapikia wachimbaji wa dhahabu nilipokuwa darasa la tano, akasema atarudi mahindi yakikomaa. Sasa ni miaka kumi na moja. Kamera ikataka kujua sura yake ikoje ili imtambue. Nikasema hicho ndicho na mimi ninachotaka kujua. Sauti yake naikumbuka. Viganja vyake navikumbuka. Lakini pale penye uso pamebaki weupe tu.

Kamera haikusema pole. Ilisema Chunya ni mbali, ila itajaribu, kwa kuwa ina uwezo wa kuvuta hadi mia na kumi na tano. Sikuuliza mia na kumi na tano ya nini.

Tunatoka nje. Nabonyeza kitufe. Lenzi inanguruma, na mlima Rungwe unasogea hadi kwenye kamba ya nguo. Unasimama hapo umelowa ukungu, umekanyaga shuka la jirani. Nikauomba radhi. Mlima ukasema haidhuru, ila nifanye haraka, kuna watu wanaishi juu yake na wana vyungu mekoni.

Nabonyeza tena. Mlima unapita pembeni yangu, na nyuma yake linakuja darasa la tano. Wenzangu wote wamo, bado ni wadogo, soksi zimewashuka. Mwalimu Mwakitalima anaita majina. Akifika kwangu anaita, "Sekela Mwasomola," anangoja kidogo, anasema, "Hayupo," anaandika. Daftari la mahudhurio limekuwa nene mpaka wamelipakia kwenye mkokoteni.

Niko hatua moja tu kutoka kwake. Naona chaki kwenye nyusi zake. Nikasema, "Nipo, mwalimu." Hakugeuka. Nikasema tena, kwa sauti ambayo huwa siitumii. Akaendelea na jina la anayenifuata.

"Hakusikii," ikasema kamera. "Umemvuta. Ukimvuta mtu, wewe unamwona yuko karibu. Yeye bado yuko kulekule, na wewe bado uko hukuhuku."

Niliiuliza basi kuvuta kuna faida gani. Ikajibu kwamba kwa picha kunatosha.

Wakati nafikiria jambo hilo, mlango wa nyuma wa kamera ukagongwa. Uligongwa kutoka ndani.

"Usifungue," kamera ikasema. "Wataungua tena."

Nikaweka sikio. Sauti ya mwanamke ikauliza kama mimi ndiye niliyefungua siku ile. Nikakubali. Sikuwa na sababu ya kumdanganya mtu aliye ndani ya kamera.

Asubuhi ya safari yake, mama alisimama mlangoni na kitenge chake cha njano, na baba mdogo akampiga picha tatu. Mama akapanda gari, akaenda. Jioni nikamkumbuka. Nilijua ameingia mle, nilimwona kwa macho yangu akipigwa, kwa hiyo nikafungua mlango wa kamera nimtazame kidogo kisha nifunge. Nilikuta mkanda wa kahawia, hakuna mtu. Baba mdogo hakunichapa. Alisema tu kwamba picha zimeungua kwa mwanga, za mama na za harusi ya watu.

"Hiyo harusi ni yetu," ikasema sauti ya mle ndani. "Tuliungua tukiwa tunakata keki."

Nikamwambia samahani. Akasema wameshazoea, ila kama nina mafuta ya kupaka nimpe, hata kidogo, mume wake alikuwa upande uliopata mwanga mwingi. Nikatafuta mfukoni, sikuwa nayo. Akasema basi, si kitu. Bado ana keki, kama ninakula keki iliyoungua. Nikasema ahsante, nimeshiba.

Halafu nikamuuliza kama mama aliwahi kuwemo mle.

"Alikuwemo," akasema. "Mwanga ulipoingia akauliza nani amefungua. Tukamwambia ni mtoto wako. Akasema, 'Mwacheni, alikuwa ananitafuta.'"

Kamera ikanikumbusha kwamba betri haisubiri.

Nabonyeza kitufe mara ya tatu, sikiachii. Darasa linapita na mkokoteni wake. Zinapita njia za vumbi, mashimo, miti ya miombo, wanaume wenye tochi kichwani. Kisha mama anakuja, anasimama mbele yangu, anasonga ugali kwenye sufuria ambayo mtu angeweza kuogea.

Nikauona uso. Nyusi zimekutana katikati kama zangu. Chini ya jicho la kushoto kuna kidoa cheusi. Amezeeka kidogo kuliko nilivyotegemea, na unga umemrukia kidevuni. Ningenyoosha mkono ningeufuta.

Mama akainua kichwa, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Akamwambia mtu ambaye sikumwona, "Kuna mtu kule mlimani amesimama tu. Ni mtoto wa nani yule?"

Mtu yule akasema hatambuliki, ni mbali.

Nikampungia. Akanipungia, vile mtu anavyompungia yeyote. Kisha akarudi kwenye mwiko wake.

"Piga," kamera ikasema. "Uso wote umeingia. Haujakatwa popote."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikipiga, uso ni wangu, hautapotea tena. Na yeye atabaki na mtu aliyesimama mlimani, asijue ni mtoto wa nani.

Niliuliza kama kuna namna nyingine. Kamera ikasitasita. Ilisema ipo, ila watu wengi wanaiharibu.

"Kuna kitufe cha kujipiga," ikasema. "Nitahesabu hadi kumi, wewe utakimbia uingie kwenye picha. Lakini sitavuta, maana nikivuta wawili hamuenei. Narudisha lenzi ndani, na kila mtu anarudi alipokuwa. Usipofika, picha yako ya mwisho ni mgongo wako."

"Chunya ni mbali kwa kumi," nikasema.

"Ndiyo," ikasema.

Nikabonyeza.

Lenzi inarudi ndani. Mama anaondoka kinyumenyume na sufuria yake, anakuwa mdogo kama kuku, kama punje, anaisha. Naiweka kamera kwenye bega la mlima. Mlima unakubali kubana pumzi ili picha isitikisike. Taa nyekundu inaanza kuwakawaka.

Moja, mbili. Nakimbia. Naacha kandambili moja kwenye matope.

Tatu. Napita katikati ya darasa. Mwalimu Mwakitalima anainua kichwa, na safari hii ananiona. "Sekela, umechelewa," anasema. Namwamkia bila kusimama.

Nne, tano, sita. Vumbi. Hewa imekuwa ya joto, natokwa na jasho. Hakuna mtu njiani. Nasikia kamera ikihesabu nyuma yangu na miguu yangu mwenyewe, basi.

Saba. Moshi wa jiko.

Nane. Mama ananitazama nikija. Hakingi jua tena. Anaweka mwiko chini.

"Ni Sekela," anasema. Haulizi.

Nilikuwa nimejiandaa miaka kumi na moja, na nikasimama tu mbele yake nikihema, na mguu mmoja wenye kandambili.

Tisa. Mama ananishika sweta kifuani, ananivuta karibu.

"Mama, vifungo umevikosea," ananiambia. "Utapigwaje picha hivi?" Anaanza kuvifungua kutoka shingoni na kuvirudishia mahali pake. Cha kwanza. Cha pili. Viganja vyake ni vilevile. Cha tatu. "Angalia mbele. Usifumbe macho."

Sikuangalia mbele. Nilimwangalia yeye.

Kumi.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha, na Mama Tumpe, jirani yangu, anafagia nje. Chumba kilikuwa baridi kama kawaida. Kamera ilikuwa ndani ya mfuko wake, imezimwa, lenzi imeingia. Sikuigusa.

Niliketi kitandani nikajitazama. Nilikuwa nimelala na sweta kwa sababu ya baridi, na kwa kuwa umeme ulikatika nililifunga gizani. Vifungo nilikuwa nimevikosea vyote, kila kimoja kwenye tundu la jirani yake. Sasa vitatu vya juu vilikuwa mahali pake sawasawa. Chini yake kitambaa kilitokeza kama mfuko, na kuanzia hapo hadi mwisho ni makosa yangu.

Nikatoka na ndoo. Mama Tumpe akaniona, akacheka, akauliza kama siku hizi nimeanza kunywa. Akaegesha ufagio ukutani, akanyoosha mkono anifunge vizuri.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia aviache hivyo hivyo, aliyeanza bado hajamaliza.