Dansi za Ijumaa Kupitia kwa Mzee Oiva

Mervi alikuwa ameishi Ghent, Ubelgiji, kwa muda mrefu hata ndoto zake akawa anaziota kwa Kiflemi, lugha ya huko. Lakini kila Ijumaa jioni moyo wake ulifunga safari wenyewe kurudi Ufini, kwenye nyumba ya mbao nje kidogo ya mji wa Kuhmo. Alipokuwa mtoto, Ijumaa ilikuwa siku ya sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke wa moto. Walitoka humo wamewiva mashavu, mama akawapa soseji za moto na haradali, kisha nyumba nzima ikakaa mbele ya televisheni kutazama dansi za kiangazi: bendi juu ya jukwaa la mbao kando ya ziwa, na watu wazima wakizunguka taratibu kwa muziki wa tango. Wazazi wake walikutana kwenye jukwaa la namna hiyo.

Kipindi kile kilikuwa bado kinaonyeshwa. Ila ukikitafuta ukiwa Ubelgiji, kioo kilikujibu kwa adabu kwamba kipindi hicho hakitazamwi nje ya nchi.

Mwaka ule aliporudi kumzika mama yake, Mervi alimwekea baba yake kijisanduku cheusi ukutani, chini ya makoti.

"Hiki nacho ni nini?" Mzee Oiva aliuliza.

"VPN, baba. Intaneti yangu ya Ghent itapitia hapa kwako, ili televisheni idhani niko nyumbani."

"Kwa hiyo utakuwa nyumbani bila kula chakula changu. Vizuri."

"Wewe usikichomoe tu."

"Radi ikija nitakichomoa," mzee alisema, na hapo hapakuwa na mjadala. Radi ikinguruma, hata kama ni ng'ambo ya ziwa, Oiva alipita chumba hadi chumba akichomoa kila chenye waya.

Kule Ghent, Mervi akaelekeza kila kitu cha nyumbani kwake kupitia Kuhmo. Dansi zikaja, naye akalia kidogo kwenye kochi. Ila mumewe, Joost, aliyekuwa akichora ramani za majengo akifanyia kazi nyumbani, alianza kuona vituko. Benki ilimfungia akaunti ikitaka kujua anafanya nini Ufini. Matangazo yote yakawa ya ndoano na mitumbwi. Na kwa kuwa intaneti ya Mzee Oiva ilikuwa nyembamba, mikutano ya kazini ilikwama kila mara.

"Mke wangu," Joost alisema akitoka chumbani, "nimeganda mdomo wazi kama samaki mbele ya bosi. Wenzangu wamenipiga picha, wanatumiana! Na mwokaji wa hapo kona, ninayemwona dirishani, ananiambia hapeleki mikate nchi yangu!"

Mervi alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni ile ile Joost alikaa na ruta yao ya intaneti, akaipanga upya: video za televisheni pekee zipitie kwa baba mkwe, mengine yote yatoke moja kwa moja hapo Ghent.

"Haya. Dansi zako ziende Kuhmo, mikate yangu ibaki hapa."

Mambo yakanyooka. Hata hivyo Mervi alihisi ameondolewa kitu. Kwa majuma yale machache simu yake ilikuwa ikimwamsha kwa hali ya hewa ya kwao na habari za mashindano ya uvuvi, kama vile hakuwahi kuondoka. Sasa ilimwambia tena kuhusu mvua ya Ghent na tramu zilizochelewa. Kwao palibaki ndani ya televisheni tu.

Mwezi wa Julai, katikati ya wimbo, picha ilikatika. Mervi akapiga simu.

"Radi," alisema Oiva kabla hajaulizwa.

Kwa kawaida mazungumzo yao yalikuwa mafupi: afya, hali ya hewa, haya basi. Siku ile, wakingoja wingu lipite, mzee hakuwa na la kufanya. Akaanza kusimulia jinsi mama yake Mervi alivyokuja dansini amevaa viatu vya dada yake, vikubwa, akavivua na kucheza na soksi. Mervi hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Tangu hapo kila Ijumaa Oiva alipiga simu kipindi kikianza, wakatazama pamoja. Picha ya Ghent ilichelewa kidogo, hivyo mzee alikuwa akicheka kabla ya bintiye kujua kuna nini.

"Baba, usiniharibie!"

"Fanya haraka basi!"

Mwishoni mwa kiangazi, Ijumaa moja, Mervi alisikia mngurumo nyuma ya sauti ya baba yake.

"Hiyo ni radi?"

"Iko mbali."

"Chomoa, baba."

"Wimbo uishe kwanza. Huu nimeucheza na mama yako."

Ukasikika mlio mmoja mkali. Simu ikafa, na picha ikafa.

Mervi alipiga tena na tena bila kupata kitu. Joost akamtafutia namba ya jirani, Bi Hilkka, ambaye aliwasha gari mvuani akaenda kuangalia. Alipopiga simu kurudisha jibu alikuwa anahema: "Mzima. Amekaa barazani, amekasirika. Televisheni imeungua."

Siku iliyofuata Mervi alikuwa ndani ya ndege. Alikuta ukuta una doa jeusi chini ya makoti, na kijisanduku kimeyeyuka. Baba yake alikuwa anachemsha kahawa.

"Maisha yako yote unachomoa! Kwa nini safari hii hukuchomoa?"

Oiva alimimina kahawa taratibu, bila kumtazama.

"Ungekatiwa katikati."

Mervi alikuwa amejiandaa kugomba. Akaketi, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Ijumaa ilipofika, hapakuwa na televisheni ya kutazama. Baada ya sauna mzee alitoka chumbani amevaa suti yake ya kahawia, nywele amezilaza kwa maji. "Kule ziwani kuna bendi leo. Wewe uendeshe."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Mbao za jukwaa zililia chini ya viatu, na mbu walikuwa wengi kuliko wachezaji. Oiva alimwinamia bintiye kama wafanyavyo wanaume wa huko, akamshika mkono. Hatua zake zilikuwa fupi, goti moja halikukunjika vizuri, lakini hakukosea hata mara moja. Mervi ndiye aliyemkanyaga.

"Mama yako naye alikuwa hivyohivyo," alisema. "Anataka kuongoza."

Walicheza nyimbo mbili. Ya tatu Oiva akaomba kukaa, akataka andazi la iliki na kahawa, akalalamika kwamba bendi za siku hizi zina haraka.