Kiti Chini ya Ukuta

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ukuta wa kaskazini wa machimbo ya mawe ulishuka wote kwa pamoja ukamfunika mke wa mchonga mawe. Wenzake sita walikuwa wameinuka kwenda kunywa maji. Yeye alibaki kumalizia rundo lake la kokoto, maana meneja alikuwa amesema lori halimsubiri mtu.

Tume iliundwa. Ilikaa wiki mbili, ikanywa soda, ikaandika kurasa thelathini na nne. Ukurasa wa ishirini na moja ulisema marehemu aliingia chini ya ukuta kwa hiari yake, akitafuta kivuli, na kwamba hapakuwa na dalili yoyote kabla ya tukio. Siku hiyo kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Kivuli hakikuwepo hata cha kuazima. Mchonga mawe alitaka jambo moja tu duniani, mstari huo ufutwe. Alikwenda ofisi ya tume mara kumi na moja, na mara zote karani alimsikiliza vizuri huku akifunga kabati.

Mwezi wa sita walikuja wapiga picha. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wenye mapanga na mazimwi, na walihitaji milima.

"Ukibuni jabali kichwani linatoka laini kama sabuni," mkuu wao alieleza. "Jabali la kweli lina chuki. Hiyo chuki ndiyo tunayoitafuta."

"Kama ni chuki, mmefika penyewe," mchonga mawe akasema.

Walimpa kazi ya kushika kitambaa cheupe. Kila jiwe lilipigwa picha mia tatu, mbele, nyuma, juu na ubavuni. Jua likitokeza alilikinga, kwa sababu kivuli kikiingia picha zinaharibika. Wakati mwingine mkuu alimwonyesha kidole nini kitakuwa nini. Ule mbenuko wa mwamba ambao wanawake waliukalia wakila mchana utakuwa kiti cha enzi cha wafalme waliokufa. Shimo la maji ya kijani litakuwa ziwa la sumu. Mashine ya kusaga kokoto itakuwa kinywa cha zimwi.

"Hiyo ya mwisho hamjabuni," mchonga mawe akasema.

Siku ya nne, alasiri, mkuu alifungua kompyuta yake kwenye kibanda cha vifaa ili aone kazi ya siku. Walikuwa wamepiga picha kifusi cha kaskazini, na kifusi kilikuwa hapo nje, kinaonekana dirishani. Ndani ya kompyuta ukuta ulikuwa umesimama, mrefu kama jengo la ghorofa kumi, kama ulivyokuwa kabla ya Alhamisi ile.

Mkuu alijikuna ndevu. "Tumepiga kifusi, limetoka jabali."

"Linafaa?" mwenzake akauliza.

"Linafaa sana. Hifadhi."

Mchonga mawe aliomba walisogeze karibu. Palikuwa na ufa, na kando ya ufa palikuwa na michoro ya chaki nyekundu. Mkewe alikuwa ameishia darasa la tatu, lakini kila Jumatatu alikuwa akiingiza vidole kwenye ule ufa na kuchora vilivyoingia. Kidole kimoja. Viwili. Vinne. Ngumi. Mbele ya kila mchoro aliandika tarehe, na mbele ya tarehe alitia alama ya vema, maana yake jambo hilo ameshamwambia anayehusika. Nyumbani aliweka alama kama hizo nyuma ya mlango, na nyingi zilimhusu mumewe. Hizi za ukutani zilimhusu meneja. Mchoro wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ileile.

Mchezo ulitoka mwaka uliofuata. Mchonga mawe alimpeleka karani wa tume kwenye chumba cha michezo karibu na stendi, wakasimama mbele ya skrini. Karani alisoma tarehe zote, akahesabu alama za vema, akavua miwani.

"Mzee, mchezo ni jambo la kubuni. Ushahidi wa kubuni hatupokei."

"Na ripoti yenu?"

"Ripoti ina muhuri."

Karani aliondoka. Mchonga mawe akabaki. Mwenye chumba cha michezo, mama mnene aliyefuma sweta mwaka mzima bila kuimaliza, alimsogezea kiti na kumpa mtu wa kuongoza, shujaa aliyevaa deraya na kubeba shoka.

"Bonyeza mshale wa juu, baba. Bonyeza! Usiupapase, siyo bibi harusi."

Shujaa akatembea. Alipita kiti cha enzi, akazunguka ziwa la sumu, akafika chini ya ukuta wa kaskazini. Mlio kama wa ubao kukatika ukasikika. Jiwe dogo likachomoka kwenye ufa, likaanguka, lakini halikufika chini. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

Kesho yake mdogo wa mkewe, aliyekuwa mfagiaji katika ofisi za machimbo, alipita kumletea unga.

"Shemeji, jana bosi kadondokewa na jiwe mezani. Dari zima, halina hata tundu. Limevunja kikombe."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na robo. Kwani wewe umekuwa polisi?"

"Kubwa?"

"Kama yai la bata."

Mchonga mawe alifunga unga, akavaa viatu, akaenda stendi.

Tangu siku hiyo alikwenda kama mtu anavyokwenda kazini. Alitoka machimboni saa tisa, akanawa mikono, na saa kumi shujaa wake alikuwa chini ya ukuta, akipita na kurudi. Kila akipita, jiwe moja. Shemeji yake alifagia na kumpa taarifa. Jumatatu jiwe lilimpata meneja begani. Jumatano lilipasua simu. Ijumaa lilimwangukia mguuni akiwa amevaa kandambili, na siku hiyo mchonga mawe alikula sahani mbili.

"Wewe unamlenga yeye, mgongo unauma mimi," shemeji yake akalalamika. "Leo nimetoa ndoo nne."

"Pole, shemeji. Usoni limemgusa?"

"Sikio."

"Lipi?"

"La kushoto."

"Bado la kulia, basi."

"Mungu akusamehe," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Meneja alileta fundi akague dari. Fundi alisema dari halina kosa. Wapasua kokoto walikuwa wameomba kofia ngumu miaka sita, wakaambiwa hazipo stoo. Ya meneja ilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Alihama chumba, mawe yakahama naye. Alihamia ghorofa ya chini, yakamfuata. Alikwenda kikaoni mji mwingine, jiwe likadondoka juu ya maelezo aliyokuwa akiyasoma, nayo yalihusu usalama kazini.

Halafu mchezo ulipendwa. Watu wa nchi ambazo mchonga mawe hajazisikia hata redioni waliununua, na njia ya kuifikia hazina ilipita chini ya ukuta wa kaskazini. Mawe sasa yalishuka saa zote, mengine makubwa kama vichwa. Wapo waliopiga picha zile tarehe wakazisambaza wakiuliza ni fumbo la namna gani. Wapo waliodai zinafungua mlango wa siri. Hakuna aliyebahatisha kwamba ni mama mmoja aliyekuwa akitoa taarifa kwa bosi wake.

Makao makuu yalituma mtaalamu. Aliwatazama meneja na mawe kwa siku tatu, akaandika kwamba mawe hayamfuati mtu, yanafuata cheo. Ushauri wake ulikuwa rahisi. Cheo kigawanywe. Meneja abaki na mshahara, saini na gari, na ile sehemu ya kukaa apewe mtu mwingine.

Barua ilitoka Jumanne, na saini ya meneja. Mfagiaji aliteuliwa Kaimu Meneja, Shughuli za Kiti. Saa tatu asubuhi ilipigwa muhuri, saa tatu na dakika tano jiwe la kwanza likamwangukia yeye. Mawe nayo yaliuheshimu muhuri. Meneja alivua kofia ngumu, akamkabidhi, akamtaka aisainie. Baada ya wiki mbili akapandishwa cheo kwa jinsi alivyoshughulikia tatizo.

Mchonga mawe hakupita tena chini ya ukuta, lakini hilo halikusaidia kitu, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikipita. Akabadili kazi. Alimsimamisha shujaa wake kwenye kona ya njia, ameinua shoka, na kwa kidole kimoja akawa anaandika: MSIPITE HAPA. KUNA MTU CHINI. Wapitaji hawakuijua lugha hiyo. Walimchukulia kuwa adui mlinzi, wakamkata kwa mapanga, wakapita. Alifufuka, akarudi kwenye kona. Jumatatu aliuawa mara arobaini. Mama wa sweta alimwambia apumzike, yeye akajibu kwamba mtu anayestahili kupumzika yuko chini ya mawe tayari, na wa pili yuko njiani.

Siku moja saa sita mchana alikwenda ofisini. Shemeji yake alikuwa kitini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, bega limefungwa kitambaa. Mezani hapakuwa na karatasi hata moja. Sakafu ilikuwa chafu, maana nafasi ya mfagiaji haikujazwa.

"Ondoka hapo," akamwambia. "Kataa."

"Barua inasema nitakaa, shemeji. Haikuniuliza."

"Ningejua wangekuweka wewe, nisingeanza."

"Ungeanza tu. Nakujua." Jiwe liligonga kofia, yeye akalipokea mapajani na kulitia kwenye ndoo bila kuangalia. "Na mimi ningekuhimiza. Hilo la sikio lilinifurahisha wiki nzima."

Ukurasa wa ishirini na moja ulikuwa ungali kama ulivyoandikwa. Kupitia dirishani waliliona gari la meneja likitoka getini taratibu, madirisha yamepandishwa, mlinzi amepiga saluti.

Shemeji yake akalisindikiza kwa macho mpaka likapinda.

"Mimi nimekalishwa hapa na yeye," akasema. "Yeye atakalishwa na nani?"